Breki ya Madeni na Hatia Isiyokuwemo

Mwaka 2009 Ujerumani iliingiza katika Katiba yake kanuni ya Schuldenbremse, yaani breki ya madeni, inayotaka nakisi ya kimuundo ya serikali kuu isizidi asilimia 0.35 ya pato la taifa. Wachambuzi wengi hudai kwamba woga wa Wajerumani kukopa umo ndani ya lugha yao, kwa kuwa Schuld ni deni na ni hatia pia. Dai hilo linavutia, lakini ukilifungua neno lenyewe halisimami. Schuld imetokana na sculan, kitenzi cha kale chenye maana ya kuwiwa, ambacho leo ni sollen, kupaswa. Aliyewiwa fedha na aliyewiwa fidia kwa kosa wote walikuwa na jambo moja la kutimiza: kulipa. Baadaye maana ziliachana. Schulden, kwa wingi, ni madeni ya fedha. Hatia hubaki katika umoja, ndiyo maana suala la nani mwenye kosa huitwa Schuldfrage, bila ile -en tunayoiona katikati ya Schuldenbremse. Bremse nayo ilianza kama kibano cha pua cha kumtuliza farasi mkorofi. Neno zima linahusu kudhibiti. Toba haimo.

Atakayepinga atasema msikilizaji hachambui sarufi, na hatia humfikia hata asipoitafuta. Huenda ikawa hivyo kwa mtu mmoja mmoja, lakini bajeti zinasema mengine. Mwaka 2010 deni la umma la Ujerumani lilipita asilimia 80 ya pato la taifa, na Austria, inayozungumza lugha hiyohiyo, imebanwa na deni zito pia. Wadenmarki hutenganisha gæld, deni, na skyld, hatia, na bado deni la serikali yao ni miongoni mwa madogo katika Umoja wa Ulaya. Waholanzi wana schuld kwa maana zote mbili, na kaya zao zimebeba mikopo mikubwa ya nyumba. Hata neno letu deni, kutoka Kiarabu, lina herufi za mzizi zilezile za dini, wala halijamzuia yeyote kukopa.

Chanzo cha breki hiyo kitafutwe kwenye siasa: gharama za kuunganisha Ujerumani mbili, msukosuko wa fedha wa 2008, na mfano wa Uswisi, ambako wapiga kura waliikubali breki kama hiyo mwaka 2001. Machi 2025 Bunge la Ujerumani liliyatoa kwenye kikomo matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa, likaruhusu na mfuko wa mkopo wa euro bilioni 500. Vita vya Ukraine viliwabadilisha wanasiasa. Lugha yao ilikuwa ileile.