Mamluki: Mtumwa Aliyekalia Kiti cha Enzi

Mzungumzaji wa Kiswahili asikiapo neno mamluki, picha imjiayo ni ya askari wa kukodiwa, mtu anayeuza bunduki yake kwa yeyote mwenye fedha. Wanasiasa nao wamelitwaa neno hilo wakalifanya tusi la kumtupia mwenzao anayeshukiwa kutumwa na wapinzani. Maana hiyo imekwisha kukomaa na hakuna atakayeing'oa kamusini. Hata hivyo, Wamamluki wa historia, waliotawala Misri na Shamu tangu 1250 hadi 1517, walikuwa watu wa aina nyingine kabisa.

Chimbuko la neno ni Kiarabu mamluk, yaani 'kinachomilikiwa'. Shina lake ndilo lililokipa Kiswahili miliki, milki na malkia (malaika, ijapokuwa anafanana nao kwa sauti, ni wa ukoo mwingine). Askari wa kukodiwa hujiuza mwenyewe. Mamluki aliuzwa na wengine. Wengi wa wale wa mwanzo walikuwa wavulana wa Kituruki kutoka nyika za Kipchak, kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Walinunuliwa wakiwa wadogo, wakasilimishwa, wakafunzwa dini, farasi, upinde na mkuki, kisha wakapewa uhuru na silaha. Mshahara waliupata, tena waliugombania sana. Lakini kilichowafunga ni utiifu kwa bwana aliyewalea na kwa wenzao wa kambi moja.

Sultani al-Salih Ayyub aliwanunua kwa wingi akawajengea kambi katika kisiwa cha Rawda, jijini Kairo. Wakaitwa Bahri, kwa kuwa Wamisri huuita mto Nile bahr, neno ambalo Mswahili atalitambua mara moja. Sultani huyo alifariki mwaka 1249 huku jeshi la msalaba la mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa likiwa limekwisha kuitwaa Damietta. Mjane wake, Shajar al-Durr, ambaye naye alikuwa mtumwa wa kununuliwa, aliificha habari ya kifo ili askari wasivunjike moyo. Mwaka 1250 Wamamluki waliwashinda Wafaransa na kumteka mfalme wao. Kisha wakamwua Turanshah, mrithi wa al-Salih, na kumtawaza Shajar al-Durr. Alitawala siku themanini hivi, na sarafu zikachapwa kwa jina lake.

Mwaka 1258 Wamongolia waliiteketeza Baghdad na kumwua khalifa. Tarehe 3 Septemba 1260, huko Ain Jalut nchini Palestina, jeshi la Sultani Qutuz liliwavunja. Ni kweli kwamba Hulagu alikuwa ameondoka na sehemu kubwa ya askari wake, akamwachia jemadari Kitbuqa waliosalia. Hata hivyo Misri iliokoka. Qutuz hakuufikia mji wake. Aliuawa njiani na maamiri wake, na Baybars, mmoja wao, akatwaa kiti akakikalia hadi 1277.

Asili yao hawakuionea haya. Qalawun, aliyetawala kuanzia 1279 hadi 1290, aliitwa al-Alfi kwa sababu alinunuliwa kwa dinari elfu moja. Neno elfu limo humo humo. Ndiye aliyejenga hospitali mashuhuri ya Kairo mnamo 1284 na 1285. Kwa kanuni, mwana wa mamluki hakuweza kuwa mamluki, maana alizaliwa huru. Watoto hao waliitwa awlad al-nas, yaani 'watoto wa watu', na kwa kawaida vyeo vya juu vya jeshi viliwapita wakapewa wageni walionunuliwa. Ukoo wa Qalawun wenyewe uliipinda kanuni hiyo ukarithishana usultani kwa takriban karne nzima.

Msikiti wa Baybars ulijengwa Kairo kati ya 1267 na 1269, baadhi ya mbao na marumaru zake zikiwa zimetoka Jaffa, mji alioutwaa mwaka 1268. Jeshi la Napoleon liliugeuza ngome. Baadaye ukawa kiwanda cha sabuni, na chini ya Waingereza ukawa machinjio. Ulifunguliwa tena kwa waumini mwezi Juni 2023, baada ya ukarabati wa miaka mingi.