Je, Wajua? Mimea ya Kudumu Inayopenda Jua Kali

Mimea ya bustani inayoishi miaka mingi huhimili jua kali kutokana na maumbile yake, na maumbile hayo ndiyo mwongozo wa kuichagua.

• Mshubiri hufunga matundu madogo ya majani yake mchana na kuyafungua usiku, hivyo hupoteza maji kidogo sana.

• Waridi la jangwani (*Adenium obesum*), ambalo humea porini Afrika Mashariki na Arabuni, huhifadhi maji katika shina lake nene. Utomvu wake ni sumu, na wawindaji waliupaka kwenye mishale. Lipandwe mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki.

• Bogainvilia, yenye asili ya Amerika Kusini, huvutia kwa rangi ambazo si za maua yake. Ni za majani maalumu yanayozunguka maua madogo meupe. Huchanua vizuri ikipata jua la saa 6 au zaidi kwa siku.

• Rosmari, kutoka pwani za Mediterania, ina majani membamba yenye vinyweleo upande wa chini, vinavyopunguza upotevu wa maji.

Mimea yote hii huoza mizizi maji yakituama, kwa hiyo udongo mzito wa mfinyanzi uchanganywe na mchanga au changarawe. Ipandwe mvua zinapoanza ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Katika kiangazi cha kwanza, mche umwagiliwe jioni au alfajiri, na shina lizungushiwe matandazo yasiyoligusa.