Kuyeyuka kwa Plastiki ndani ya Mashine ya Parafujo: Jaribio la Maddock na Parafujo ya Kizuizi

Mabomba ya maji, mifuko na ala za nyaya za umeme hutengenezwa kwa mashine ya parafujo. Punje za plastiki huingia kupitia faneli, husukumwa na parafujo inayozunguka ndani ya silinda yenye joto, huyeyuka, kisha rojo hulazimishwa kupita katika kalibu inayolipa umbo. Mashine za namna hii zilikuwa zikitumika tangu miaka ya 1930, lakini kilichotendeka kati ya faneli na kalibu kilibaki fumbo, kwa kuwa silinda ya chuma haionyeshi kitu.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Bruce Maddock wa Marekani katika makala yake ya mwaka 1959. Mbinu yenyewe ilikuwa sahili mno: punje chache za rangi zilichanganywa na nyingine, mashine ikasimamishwa ghafla na kupozwa, parafujo ikachomolewa, na plastiki iliyoganda ikakatwa vipande. Ilidhihirika kwamba punje haziyeyuki kila moja kivyake. Hushikamana zikawa tabaka gumu, nalo huyeyuka pale linapogusana na silinda, katika utando mwembamba wa rojo. Ukingo wa parafujo hukwangua utando huo na kulikusanya rojo mbele yake. Sehemu kubwa ya joto hutokana na msuguano ndani ya utando, si hita peke yake. Mwaka 1966 Zehev Tadmor aliueleza mwenendo huo kwa milinganyo.

Tatizo huanza tabaka gumu linapovunjika kabla ya kuyeyuka lote. Vipande vyake huelea katika rojo, mbali na utando, na kwa kuwa plastiki hupitisha joto kwa shida, baadhi hufika kwenye kalibu vikiwa bado vigumu. Katika ukuta wa bomba, hapo ndipo ufa huanzia. Kuongeza kasi ya parafujo huongeza uzalishaji, lakini hupunguza muda wa kuyeyuka.

Charles Maillefer wa Uswisi, katika hataza aliyoiomba mwaka huohuo wa 1959, aliongeza ukingo wa pili, mfupi kidogo kuliko wa kwanza. Rojo huvuka juu yake. Vipande vigumu huzuiwa. Mfereji wa vipande hupungua hatua kwa hatua, wa rojo ukipanuka.

Ufanisi huo una gharama ambayo wauzaji hawaitaji sana. Mfereji hupungua kwa kadiri iliyokusudiwa plastiki fulani. Ikiyeyuka polepole zaidi, mfereji huziba. Polietilini nzito huyeyuka karibu nyuzi 130 za Selsiasi, polipropilini karibu 160. Kwa kiwanda kinachorejeleza taka zilizochanganyika, parafujo ya kawaida huweza kuwa chaguo salama zaidi.