Kinubi kinahitaji kinasa sauti, si daftari tu

Wengi wetu tunaoishi katika magorofa ya Nyayo Highrise tunaisikia kila siku lugha ambayo hatuna mazoea ya kuihesabu miongoni mwa lugha za Kenya. Tunaisikia dukani, msikitini na kwenye arusi za majirani zetu wa Kibera. Lugha hiyo ni Kinubi, na ndiyo iliyolipa eneo hili jina lake: Kibra, yaani msitu. Wenyewe ni wajukuu na vitukuu wa askari kutoka Sudan ambao Kapteni Frederick Lugard aliwaajiri mwaka 1891 karibu na Ziwa Albert, na ambao baadaye waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi hapa kuwa ardhi ya kijeshi, na humo ndimo walimokaa. Walipokabidhiwa hatimiliki mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288. Kuhusu ardhi mengi yamesemwa, na mengine yatasemwa. Nia yangu leo ni kuzungumzia urithi usiopimwa kwa ekari.

Mwalimu wa Kiswahili atanielewa upesi. Sote tumewahi kuwaeleza wanafunzi tofauti iliyopo baina ya barabára, njia ya magari, na barábara, yaani sawasawa. Katika Kiswahili mifano ya namna hiyo ni haba, na aghalabu hutumiwa kuchangamsha darasa. Katika Kinubi, jambo hilo ni uti wa mgongo wa sarufi. Chukua neno katulu, ambalo lahusu kuua. Sauti ikipanda kwenye silabi ya kwanza, kátulu, mtu anaua. Ikipanda kwenye silabi ya mwisho, katulú, mtu anauawa. Ikipanda katikati, katúlu, linatajwa tendo lenyewe. Kile ambacho Kiswahili hukifanya kwa kuchomeka kiambishi -w-, Kinubi hukifanya kwa koo tu. Sasa yaandike maneno hayo matatu daftarini bila alama yoyote, na muuaji na marehemu watakuwa mtu mmoja.

Msamiati wa Kinubi sehemu kubwa umetoka katika Kiarabu cha Sudan, lakini Kiarabu si lugha ya toni. Baadhi ya wataalamu hudhani kwamba mazoea haya yaliletwa na askari wenyewe, ambao wengi wao walilelewa katika lugha zenye toni za kusini mwa Sudan, kama vile Kibari. Bernd Heine, mwanaisimu Mjerumani, alichapisha mwaka 1982 kitabu kizima kuhusu Kinubi cha Kibera, akaziona sauti hizo kuwa toni. Mwaka 2006 Carlos Gussenhoven, Mholanzi, aliandika makala akikiweka Kinubi mahali fulani kati ya mkazo na toni. Mimi si hakimu wa kuwaamua mabingwa hao. Ninachokiona ni kwamba mjadala wa namna hiyo hauwezi kuamuliwa kwa maandishi; utaamuliwa kwa sauti za wasemaji, tena wasemaji wengi, wa kike na wa kiume, wazee kwa vijana.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Watoto wa Kinubi husoma, hucheza na huuza na kununua kwa Kiswahili na Sheng. Kiswahili, kama tujuavyo, huuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akikivika Kinubi vazi hilo, kátulu na katulú zote zitageuka kuwa katúlu. Maneno yatabaki, ila sarufi itakuwa imekwenda. Siku moja nilimsikia bibi mmoja wa Makina akimrudisha mjukuu wake mara tatu kwenye neno moja. Kijana alishangaa, kwa maana kila herufi aliyoitamka ilikuwa mahali pake.

Kwa hiyo nawaambia walimu wenzangu na wanafunzi wao: mkitaka kuihifadhi lugha hii, acheni kwanza kukusanya orodha za maneno kwa kalamu. Nunueni au azimeni kinasa sauti, hata simu yafaa, mradi sauti ihifadhiwe bila kubanwa. Wala msimwombe mzee ataje maneno mfululizo kama anayehesabu mbuzi, kwa sababu mtu anayetaja orodha hupandisha sauti kila neno na kuishusha kwenye la mwisho, nanyi mtadhani mmeipata toni kumbe mmepata kiimbo cha orodha. Neno na liwekwe katikati ya sentensi ile ile, lirudiwe mara tatu. Halafu mwombeni apige mluzi au aliimbe neno hilo puani bila kutamka konsonanti. Hapo kidatu hubaki peke yake, nacho husikika hata na mgeni. Msilinganishe kimo cha sauti ya bibi na ya babu, kwani ya mwanamke kwa kawaida huwa juu zaidi; linganisheni mwendo wake, kupanda na kushuka. Iko programu iitwayo Praat, iliyotengenezwa Amsterdam na isiyolipiwa, ambayo huchora mwendo huo kama mstari kwenye kompyuta.

Tatizo kubwa ni kelele. Garimoshi hupita katikati ya Kibera, mabati hayanyamazi mvua inaponyesha, na vyumba vyetu vya zege huku Highrise vina mwangwi kama birika tupu. Dawa yake ni magodoro mawili ukutani na blanketi mlangoni. Si utaalamu mkubwa huo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili. Sijui ni nani atakayethubutu kudai kwamba lugha iliyozungumzwa hapa kwa zaidi ya miaka 100 si ya kiasili, ingawa wenyewe waliitwa wageni kwa muda mrefu. Lakini kungojea serikali ni kuwangojesha wazee ambao hawana muda huo.

Nilipomweleza yule bibi mpango huu, hakuniuliza juu ya toni. Aliniuliza, "Mwalimu, sauti yangu utaipeleka wapi?" Swali hilo lijibiwe kabla ya kubonyeza kitufe chochote. Nakala ya kwanza ibaki kwa familia, ya pili iwekwe shuleni, na jina la msemaji litajwe au lifichwe kama atakavyotaka mwenyewe. Alikubali kwa sharti moja: mjukuu wake ndiye atakayekishika kinasa sauti.