Siku Mbili za Kulenga Shabaha

Wengi wenu mmewahi kuwaona wanamgambo wakifanya gwaride asubuhi, vijijini au hapa mjini Babati. Wanakimbia, wanaimba, wanabeba fimbo begani kama bunduki. Watu husimama kando wakatazama, na watoto huwafuata nyuma wakiwaigiza. Lakini si wengi wanaojua kinachofuata baada ya gwaride. Karibu na mwisho wa mafunzo huja siku za shabaha. Hapo mwanafunzi hupewa bunduki ya kweli na risasi za kweli.

Mimi nilifuatana na kundi moja kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa baadhi yao walisoma katika madarasa yetu ya kisomo. Katika makala haya nitaeleza wanachofundishwa. Ni vizuri kila mwananchi akijue, hata yule ambaye hatashika bunduki maisha yake yote.

MGAMBO ULITOKA WAPI?

Novemba 1970 wavamizi waliotumwa na Wareno waliingia Conakry, mji mkuu wa Guinea. Januari 1971 Idi Amin akaipindua serikali ya Uganda. Mwezi uliofuata chama cha TANU kilitoa Mwongozo wa mwaka 1971, uliotaka wananchi wenyewe wafundishwe kuilinda nchi yao. Ndipo mafunzo ya mgambo yakaenea.

Miaka saba baadaye faida yake ilionekana. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Wanamgambo kwa maelfu waliungana na Jeshi la Wananchi, na tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ulitekwa. Wakati huo Babati ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wetu wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002.

Leo mgambo ni sehemu ya jeshi la akiba. Wako wanaojiunga kwa kuipenda nchi, na wako wanaotafuta cheti, maana kampuni nyingi za ulinzi hukiulizia kabla ya kumwajiri mlinzi. Sababu zote mbili ni halali. Mtu atakayepewa bunduki usiku kulinda ghala au benki, ni lazima awe amejifunza kuitumia.

JUMAMOSI: HAKUNA RISASI

Siku ya kwanza haikulia risasi hata moja. Vijana wengine walinung'unika. Walidhani wamekuja kupiga, kumbe wamekuja kusikiliza. Mwalimu, ambaye wote humwita afande, aliwasomesha mambo manne na kuwarudisha nyuma kila walipokosea:

1. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata kama umeambiwa haina. Ikaguliwe kila inaposhikwa.

2. Mdomo wa mtutu usielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha.

3. Kidole kikae nje ya kifyatuo, yaani kile kidude kinachovutwa ili risasi itoke, mpaka umekwisha kulenga na umeamriwa kupiga.

4. Ijue shabaha yako, na ukijue kilicho nyuma yake.

Jambo la nne ndilo watu husahau. Risasi ya bunduki ya kijeshi hutoka kwa mwendo wa mita zipatazo 700 kwa sekunde. Huo ni mwendo mara mbili ya sauti. Mtu aliye mita 100 mbele anafikiwa na risasi kabla hajasikia mlio wa bunduki. Tena risasi iliyokosa shabaha haianguki hapo karibu. Inaweza kwenda zaidi ya kilometa 2. Pima mwenyewe: kutoka nyumbani kwako, kilometa 2 zinafika wapi? Ni shuleni? Ni kisimani? Kwa sababu hiyo uwanja wa shabaha huwekwa mahali penye kilima au tuta kubwa la udongo nyuma ya shabaha, ili risasi zizame humo.

Baada ya hapo walijifunza kulala kifudifudi, miguu imepanuliwa, viwiko vimekaa imara, kitako cha bunduki kimebanwa vizuri begani. Kisha ikaletwa sarafu ya shilingi 200. Iliwekwa juu ya mtutu wa bunduki tupu, na mwanafunzi akaambiwa avute kifyatuo bila sarafu kuanguka. Jaribu kufikiri ni kazi ya namna gani! Wenye nguvu waliiangusha mara tano, mara kumi. Anayevuta kwa pupa huitikisa bunduki. Anayekamua polepole, kama mtu anayekamua maziwa kwenye chuchu ya ng'ombe, sarafu yake hubaki palepale.

Pumzi nayo ina kazi. Ukivuta pumzi kifua hupanda, na bunduki nayo hupanda. Basi unavuta pumzi, unaitoa nusu, unaizuia kidogo, halafu unakamua. Ukichelewa mpaka macho yakaanza kuona ukungu, acha, pumua, anza upya.

HESABU YA MILIMITA MOJA

Bunduki ina kijiti cha kulengea karibu na mdomo wa mtutu, na nyuma ina ufa mdogo. Jicho hukiweka kijiti katikati ya ufa, kisha yote mawili huelekezwa kwenye shabaha. Kijiti kikipotea kidogo tu, je, risasi itapotea kiasi gani?

Tufanye hesabu. Kutoka ufa hadi kijiti ni kama nusu mita. Shabaha iko mita 100. Nusu mita inaingia mara 200 katika mita 100. Basi kosa la milimita 1 kwenye kijiti huwa milimita 200 kwenye shabaha, yaani sentimeta 20. Hiyo inaweza kutosha kuikosa shabaha uliyoilenga. Milimita moja!

JUMAPILI: RISASI ZA KWELI

Kabla ya siku hiyo tangazo lilikuwa limebandikwa na kutangazwa, ili wachungaji wasipitishe mifugo upande ule. Bendera nyekundu ilipandishwa. Ndugu zangu, hapa ndipo faida ya kisomo inapoonekana. Mchungaji anayeweza kusoma neno HATARI anaokoa ng'ombe wake, na pengine mtoto wake. Na siku shabaha ikiisha, watoto wakatazwe kwenda kuokota vyuma uwanjani. Kitu kinachoonekana kama kopo kinaweza kulipuka.

Kila mtu alihesabiwa risasi zake, akaandikiwa katika daftari. Alipomaliza alirudisha maganda, yakahesabiwa tena. Risasi 10 zikitoka, maganda 10 yarudi. Likipungua hata moja, hakuna anayeondoka, maana risasi iliyopotea huenda ikaonekana mikononi mwa jambazi.

Kijana mmoja aliyejisifu kuwa amezoea gobore la babu yake alitawanya risasi zake huku na huko. Alikuwa anafumba macho na kushtuka kabla ya mlio. Mama mmoja mkulima wa mbaazi, ambaye hakuwahi kushika bunduki, risasi zake tatu za kwanza zilikaa pamoja kama mayai kiotani, ila chini ya katikati. Kijana akacheka. Afande akamwambia, "Huyu mama anajua. Bunduki yake ndiyo inayotaka kurekebishwa. Wewe bunduki yako ni nzima."

Maneno hayo yana maana kubwa. Risasi zikikaa pamoja mahali pasipo sahihi, kosa mara nyingi ni la chombo, nacho hurekebishwa kwa dakika chache. Zikitawanyika, kosa mara nyingi ni la mpigaji, na dawa yake ni mazoezi na subira.

"JE, NIKAPIGE KIBOKO?"

Wakati wa mapumziko mzee mmoja aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. Ana shamba karibu na Ziwa Babati. Usiku viboko hutoka majini kula majani, na wakikuta mahindi hawaulizi ni ya nani. Kiboko mmoja huweza kula kilo zipatazo 40 kwa usiku. "Sasa nimejua kulenga," alisema. "Si nikamalizane naye?"

Jibu alilopewa ni hapana, na sababu ni tatu. Kwanza, wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwinda bila kibali ni kosa. Pili, cheti cha mgambo si leseni ya bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, hata kama ni gobore la urithi. Tatu, kiboko aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mzima. Atarudi majini na maumivu yake, na asubuhi atakutana na mvuvi au mtoto aliyekwenda kuchota maji.

Mzee hakufurahi. Alisema njaa ya watoto wake haisubiri barua. Maneno yake ni ya kweli, wala hayafai kupuuzwa. Lakini iko njia. Mazao yakiliwa, toa taarifa siku hiyohiyo kwa ofisi ya kijiji au mtaa, ili maofisa wanyamapori waje kufukuza mnyama na kupima hasara. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Andika tarehe, ukubwa wa eneo lililoliwa, na majina ya mashahidi. Anayeandika mapema ana cha kuonyesha. Anayesimulia baada ya miezi mitatu ana maneno matupu.

Ukiona mtu ana bunduki na huna hakika kama anayo kihalali, usimnyang'anye. Toa taarifa kwa mwenyekiti au polisi. Na kama mlinzi wa mahali unapofanya kazi anaichezea bunduki mbele za watu, mwambie bila woga aelekeze mtutu chini na atoe kidole kwenye kifyatuo. Ukimwambia hivyo atajua kwamba nawe umesoma.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Jumamosi nzima haikupigwa risasi?

2. Ikiwa shabaha iko mita 200, kosa la milimita 1 litakuwa sentimeta ngapi?

3. Katika kijiji chenu, wanyama wakila mazao, taarifa hupelekwa kwa nani? Nani kati yenu ataiandika?