Tulikwenda kuvua Nairobi, tukarudi na samaki wa kununua

Mke wangu alicheka aliponiona natia mshipi na ndoana mkobani. "Watu wa Nairobi waja Mombasa kuvua, wewe watoka Mombasa waenda kuvua Nairobi?" Nikamwambia asinicheke mimi, amcheke kaka yake aliyenialika.

Huyo shemeji yangu ameishi Kawangware miaka mingi. Kwa muda alikuwa akinisimulia habari za mto Gatamaiyu, ulio ndani ya msitu wa kusini mwa Aberdare, upande wa Kiambu, ambako watu huvua samaki aitwaye trauti kwa ndoana. Tukapanga safari ya Jumamosi. Tungetoka baada ya sala ya alfajiri, tuvue mpaka adhuhuri, kisha turudi na kitoweo. Rafiki yake angetubeba kwa gari lake.

Lakini mja hupanga na Mola hupangua. Mvua ilianza Ijumaa baada ya isha, na mabati ya Kawangware yakalia usiku kucha. Tulipomaliza kuswali alfajiri, mwenye gari akapiga simu. Barabara ya msituni imekuwa matope matupu, yeye hapandi.

Nakiri kwamba nilikasirika. Kwetu sisi mvua peke yake haimzuii mvuvi. Anachokiogopa ni upepo. Shemeji akanituliza kwa chai, akanieleza kwa nini mwenye gari alikuwa na haki. Naona ni vizuri nikueleze nawe, msomaji, kwa kuwa wengi wetu wa pwani tunadhani kuvua ni kuvua tu.

Saa ya mvuvi wa bahari ni mwezi. Tunahesabu bamvua na maji mafu, tunajua lini maji yanakupwa na lini yanajaa. Mtoni hakuna hayo, saa ya huko ni mvua. Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Aliletwa na Waingereza mwaka 1905, mayai yake yakatolewa Uskoti na kutiwa katika mto Gura huko Aberdare. Anataka maji ya baridi, yaendayo mbio na yenye hewa nyingi. Tena huwinda kwa macho. Mvua kubwa ikipiga, mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa na samaki haoni chambo hata ukimpitishia mbele ya mdomo. Kingo huteleza, na maji yanaweza kupanda ghafla kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali mlimani, huku ulikosimama wewe jua linawaka. Mvuvi wa mtoni akiahirisha safari, usimwite mvivu.

Tukafikiria Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi. Ziwa halichafuki lote kwa mvua ya usiku mmoja kama mto. Huko kuna tilapia, kuna kambare, na kuna samaki aitwaye besi aliyeletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920. Lakini Naivasha kuna viboko. Usiku hutoka majini kula nyasi na alfajiri hurudi, kwa hiyo mgeni hasimami ukingoni gizani wala haingii ziwani bila mwenyeji mwenye mashua. Jambo jingine ni leseni. Kuvua kwa burudani nako kunataka kibali, na uvuvi wote nchini unaongozwa na sheria ya mwaka 2016. Bila gari, kwa kupanda matatu, tungefika jua limeshakuwa kali na nauli imeshatumaliza.

Ndipo shemeji akasema, "Basi twende Kibera. Kuna mzee atakuonyesha alikokuwa akivua yeye, na huko hatuhitaji gari."

Tulishuka Ngong Road, tukakata katikati ya soko la Toi, tukaingia Makina. Mzee mwenyewe ni Mnubi. Alitukaribisha kwa chai na gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi. Tulipomwamkia na kumweleza kilichotuleta, alimtazama shemeji kwa muda, akasema, "Mmekuja na ndoana? Haya, twendeni mkaone."

Kabla hatujafika, nikukumbushe Kibera ni nini, maana huku pwani tunaisikia kwa habari za fujo na siasa tu. Jina lake ni Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi ni kizazi cha askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, wakawekwa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1918 eneo lao lilipimwa likawa ekari 4,197. Ardhi ikamegwa miaka nenda miaka rudi, hata hati ya jumuiya waliyokabidhiwa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288 peke yake. Kumbuka jambo hili la ardhi, tutalirudia.

Tuliteremka vichochoro mpaka upande wa Silanga. Silanga ni neno la bara lenye maana ya bwawa la kuchimbwa, na kijiji hicho kiko kando ya Bwawa la Nairobi. Tukasimama mahali palipoinuka. Mbele yetu palikuwa na uwanda wa kijani, majani mazito, na vipande vilivyolimwa mboga. Nikauliza bwawa liko wapi.

"Unaliangalia," mzee akanijibu.

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 ili liwe akiba ya maji ya mji wakati wa dharura. Lilikuwa na ukubwa wa takriban ekari 88. Palikuwa na klabu ya mashua za matanga, watu wenye nafasi wakija kushindana wikendi. Mzee alikuwa mtoto. Anasema wao waliwatazama wazungu wakipiga matanga, huku wakivua tilapia kwa uzi na pini iliyokunjwa, wakirudi nyumbani magharibi na samaki waliotungwa kwenye ukindu. Nilimsikiliza nikajiona mimi mwenyewe udogoni, pale kwenye hori ya Tudor.

Bwawa hufaje? Halikauki siku moja. Maji ya bwawa hili huletwa na mto Motoine, unaotokea upande wa Dagoretti na kupita kandokando ya Kibera. Ukishatoka bwawani mto huo huitwa Ngong, ukaendelea kupita eneo la viwanda na Mukuru. Kwanza huja udongo. Miti ikikatwa na ardhi ikalimwa au kujengwa, kila mvua hushusha tope, na bwawa ndipo mahali maji yanapotulia, basi tope hutua hapo. Kina kinapungua mwaka hadi mwaka. Pili huja taka na maji ya vyoo. Hayo ni mbolea. Tatu, penye mbolea huja gugumaji, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 lilikuwa limeufunika uso wa bwawa. Gugumaji huzuia mwanga usiingie majini. Majani yanapooza hula hewa iliyomo ndani ya maji, na samaki hukosa pumzi.

Ni rahisi kusema watu wa Kibera wamelichafua. Wamechangia, na wao wenyewe hawakatai. Lakini serikali, ya mkoloni na zilizofuata, ziliwahesabu kwa miaka mingi kuwa wamekaa mahali pasipo pao. Mtu asiye na hati ya ardhi hapelekewi bomba la maji taka. Asipopelekewa bomba, choo chake ni shimo, na shimo likifurika mvua hulipeleka mtoni. Tena mto haukuanzia Kibera, na bwawa lina majirani wengine upande wa Lang'ata. Hata Kawangware tulikotoka, mto Nairobi unaotokea kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu unapita pembeni yake, na hali ni ileile.

Tulipokuwa tukigeuka kuondoka, tulimkuta kijana wa miaka kumi na mbili hivi kwenye kidimbwi. Alikuwa na kambare wawili ndani ya ndoo, wangali wakijipinda. Akaniuzia shilingi mia kwa wote wawili. Nilitia mkono mfukoni, kwa kuwa mimi ni mvuvi na samaki hai kwangu ni samaki mzuri. Mzee akanishika mkono.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo lingenipita maisha yangu yote. Baharini tunapima samaki kwa uzima wake: jicho angavu, shavu jekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Vipimo hivyo vinakwambia samaki hajaoza. Havikwambii alikuwa akila nini. Kambare ana kiungo cha ziada karibu na mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Tilapia akifa kwa kukosa pumzi, kambare huishi, akala chini kwenye tope. Kwa hiyo kumkuta hai si dalili kwamba maji ni safi, na yeye akibaki peke yake ni dalili kwamba yamekwisha kuharibika.

Na moto hautoshi. Ukimkaanga vizuri utaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini madini mazito kama risasi na zebaki, yanayotoka kwenye betri kuukuu, rangi na taka za gereji, hayafi kwa mafuta ya moto. Hukusanyika ndani ya nyama ya samaki, kisha ndani ya mlaji, kidogo kidogo. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa risasi huathiri ubongo unaokua.

Nilimweleza yule kijana kwa upole. Akaniuliza, "Sasa nyumbani tutakula nini?" Sikuwa na jibu la kumfaa. Nilimpa ile mia, na samaki nikamwachia mzee ambaye alisema atawafukia. Najua kesho yake alirudi pale pale.

Kibera hula samaki kila siku, lakini samaki hao wanatoka mbali. Ukipita jioni utaona omena na tilapia, na utaona mgongo wazi. Huo ni mfupa wa mbuta baada ya minofu kukatwa viwandani na kupelekwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na nyama iliyong'ang'ania, hukaangwa na kuuzwa kwa wenye kipato kidogo. Wengi wa samaki hao hutoka Ziwa Viktoria na kupitia soko la Gikomba. Wengine hutoka China wakiwa wamegandishwa. Mji uliokuwa na bwawa la ekari 88 mlangoni unanunua mifupa iliyosafiri mamia ya kilomita.

Juhudi zipo. Tume ya Mito ya Nairobi iliundwa mwaka 2022. Lakini kufyeka gugumaji bila kuweka mabomba ya maji taka ni kukamua maji kwenye sakafu huku bomba linavuja. Litaota tena, maana mbolea yake bado inashuka.

Nasi wa pwani tusijione tumesalimika. Hori zetu ni mabwawa yetu. Jaa la Kibarani lilikaa miaka mingi ukingoni mwa maji tukipita tumeziba pua, mpaka lilipofungwa na taka kuhamishiwa Mwakirunge. Pale Makupa, njia ya udongo iliziba maji kwa miongo mingi, na mwaka 2022 lilipofunguliwa daraja, maji yakapata tena kupita. Kwa hiyo yaliyoharibika yanaweza kutengenezwa, watu wakiamua. Lakini ukitembea Tudor leo maji yakikupwa, tazama mifereji inayomwaga mikokoni, kisha tazama watoto wanaovua hapo hapo kwa mshipi.

Jumamosi ile tulirudi Kawangware kabla ya magharibi. Mama mmoja wa kando ya njia alitukaangia tilapia watatu, tukala na ugali na sukuma. Mke wangu akapiga simu kuuliza nimepata samaki wangapi. Nikamwambia watatu, na mshipi wangu bado mkavu.