Turbo au baiskeli janja? Mizani ya mfanyabiashara kabla ya kuvusha mzigo

KATONI ya kwanza ina uzito wa kilo 20 hivi. Mtu mmoja anaibeba, anaitupia kwenye buti ya basi, na safari inaendelea. Katoni ya pili ina kilo 40 hadi 50, ni kubwa kama kabati, na haipandi basi bila watu wawili na maneno mengi na kondakta.

Ndani ya katoni zote mbili kuna chombo cha kazi moja: kumwezesha mwendesha baiskeli kufanya mazoezi ndani ya nyumba bila kusogea hata hatua moja. Ya kwanza ni turbo, mashine ambayo mwenye baiskeli huifunga kwenye sehemu ya nyuma ya baiskeli yake mwenyewe. Ya pili ni baiskeli janja ya ndani, iliyokamilika na usukani, kiti na pedeli, ambayo kazi yake yote ni kusimama sebuleni au ukumbini.

Kwa mteja, tofauti ni ya bei na nafasi. Kwa mfanyabiashara anayeagiza kupitia Mombasa au Dar es Salaam na kuuza Kigali, Kampala au Bujumbura, tofauti ni ya mtaji. Akikosea, fedha zake zitalala stoo miezi mingi huku kodi ya stoo ikiendelea kuhesabiwa.

Nani anayenunua

Kuanzia Septemba 21 hadi 28 mwaka 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume, na Magdeleine Vallieres wa Canada akatwaa taji la wanawake. Kabla ya hapo Rwanda ilikuwa na mashindano yake, Tour du Rwanda, yaliyoanza mwaka 1988.

Hata hivyo, wanaonunua vyombo hivi si wanamichezo wa mashindano peke yao. Wamo wafanyakazi wa ofisini wenye baiskeli za mbio, wamo wageni wanaoishi katika miji mikuu, na zimo hoteli na kumbi za mazoezi.

Mtu anaweza kuuliza: nchi za jua kama hizi, baiskeli ya ndani ya nini? Jibu lipo barabarani. Karibu na ikweta giza huingia saa moja jioni mwaka mzima, wakati ambao mfanyakazi ndiyo kwanza anafika nyumbani. Nje kuna malori, matatu, bodaboda na, msimu wa masika, mvua. Saa moja ya kukanyaga pedeli ndani ya nyumba haina lori wala shimo.

Faida nyingine ni kipimo. Mashine hizi hupima nguvu ya mwendeshaji kwa wati na kuituma kwenye simu au kompyuta. Mlima ukionekana kwenye kioo, mashine huongeza uzito wa pedeli yenyewe. Mwaka 2020, yalipofanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mtandaoni, taji la wanawake lilikwenda Afrika Kusini kwa Ashleigh Moolman Pasio, na washindani wote walikuwa juu ya mashine za aina hii.

Pamoja na yote hayo, soko ni dogo. Hii si sukari wala vitenge. Mzigo usiompata mteja wake hauwezi kugawiwa kwa kilo sokoni jioni.

Turbo: nafuu, lakini ina masharti

Turbo ziko za aina mbili kuu. Ya zamani na ya bei ya chini huacha gurudumu la nyuma mahali pake, kisha roli ya chuma hubana tairi. Ni nyepesi na rahisi kueleweka, ila hupiga kelele na hula tairi.

Aina ya pili haina haja ya gurudumu la nyuma. Gurudumu hutolewa, na mnyororo wa baiskeli hupitishwa moja kwa moja kwenye meno yaliyo kwenye mashine. Hii ni tulivu zaidi na vipimo vyake ni vya kuaminika zaidi. Katika masoko ya Ulaya na Marekani, baadhi ya za kuanzia huuzwa karibu dola 550, na za daraja la juu hukaribia dola 2,000.

Hapa ndipo mfanyabiashara mgeni hunaswa. Meno hayo, ambayo mafundi huyaita kaseti, lazima yalingane na gia za baiskeli ya mteja: nane, tisa, kumi, kumi na moja au kumi na mbili. Ekseli nayo ina aina zake. Baiskeli za zamani za mbio hufungwa kwa mkono wa kufyatua, na nyingi za kisasa zina ekseli nene inayopenya fremu. Baadhi ya mashine huja na vipande vya kubadilishia, nyingine huuzwa bila hata kaseti.

Baiskeli ya mizigo ya kawaida, ile ya gia moja na nati mbili inayobeba mkaa na ndizi katika kila mji wa mpakani, haifungiki kwenye mashine hizi za moja kwa moja. Asiyelijua hilo atahesabu kila mwenye baiskeli kuwa mteja.

Kampuni ya Zwift, inayoendesha mchezo wa baiskeli mtandaoni, imepunguza usumbufu huo kwa kutoa jino moja linalokubali minyororo ya baiskeli za gia nane hadi kumi na mbili, huku kubadilisha gia kukifanywa na mashine yenyewe. Kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ni nafuu kubwa: aina moja ya mzigo inafaa wateja wengi.

Baiskeli janja: panda uendeshe

Baiskeli janja haimuulizi mteja ana baiskeli gani. Kiti na usukani hupandishwa, hushushwa na kusogezwa, hivyo mke, mume na kijana wao wanaweza kuitumia asubuhi moja. Hakuna mnyororo wa kupaka mafuta, na jasho halidondoki kwenye fremu ya baiskeli ya thamani.

Sifa hizo ndizo zinazoifanya ifae hoteli na kumbi za mazoezi. Mteja wa ukumbi haji na baiskeli yake, na mwenye ukumbi hataki kufunga na kufungua mashine mara kumi kwa siku.

Bei ndiyo kikwazo. Baiskeli za majina makubwa, kama KICKR Bike ya Wahoo na Neo Bike ya Tacx, zimekuwa zikiuzwa kati ya dola 3,000 na 4,000 kabla ya usafiri na ushuru. Mizigo ya ndege nayo hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa wa katoni, kutegemea kipi kitaleta malipo makubwa zaidi.

Matengenezo ni jambo la pili. Turbo ikiharibika, mteja bado ana baiskeli yake na anaweza kwenda barabarani. Baiskeli janja ikifa bodi ya umeme, kilichobaki ni chuma cha kilo 45 kinachosubiri kipuri ambacho fundi wa mtaani hana. Kabla ya kulipa, mfanyabiashara anapaswa kumuuliza muuzaji kwa maandishi: dhamana inafuata mzigo hadi Kigali au Bujumbura, au inaishia nchi uliponunuliwa?

Ipo njia ya katikati. Mwaka 2024 Zwift ilitoa Zwift Ride, fremu yenye kiti na usukani wa kurekebishika inayopachikwa juu ya turbo. Mteja anapata karibu urahisi wote wa baiskeli janja, na mzigo unasafiri kwa vipande viwili. Turbo ikiharibika, inabadilishwa yenyewe na fremu inabaki.

Umeme, plagi na intaneti

Mzigo ukivuka mpaka, plagi nayo hubadilika. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia zaidi plagi ya pini tatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia za pini za duara. Mteja wa Kigali akifungua katoni na kukuta plagi ya Nairobi, anaanza kutilia shaka na mambo mengine. Kipande cha kubadilishia hakigharimu kitu, na ni vyema kiwemo ndani ya katoni tangu mwanzo.

Mzigo uliotoka Marekani ukaguliwe maandishi ya kibadilisha umeme. Yakisema volti 100 hadi 240, hakuna tatizo. Yakisema 110 au 120 peke yake, kifaa kitaungua siku ya kwanza kwenye umeme wetu wa volti 220 hadi 240.

Umeme unapokatika, mashine nyingi hupoteza uwezo wa kupima na kubadilisha uzito wa pedeli. Turbo za Tacx Neo ni tofauti: zinaweza kufanya kazi bila kuchomekwa, kwa kutumia umeme unaozalishwa na miguu ya mwendeshaji. Kwa mtaa wenye mgawo wa umeme, hiyo ni sifa inayouza.

Mteja aelezwe pia gharama inayoendelea baada ya kununua. Tangu mwaka 2024 Zwift hutoza dola 19.99 kwa mwezi. MyWhoosh, programu kutoka Falme za Kiarabu, hutumiwa bure. Na kwa wateja wa Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura, feni si anasa. Ndani ya nyumba hakuna upepo wa mwendo, na joto humshinda mtu kabla miguu haijachoka.

Mtego wa mpakani

Wafanyabiashara wadogo wengi wanaujua Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaohusu mizigo isiyozidi dola 2,000. Turbo tatu za dola 550 ni dola 1,650. Kwa hesabu ya haraka, zinapita.

Hazipiti. Cheti rahisi cha uasili hutolewa kwa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Mashine iliyotengenezwa China au Taiwan haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu ilinunuliwa dukani Nairobi. Ikiwa haijalipiwa ushuru wa kuingia Jumuiya, italipiwa. Ikiwa ilishalipiwa, nyaraka za malipo hayo ndizo zitakazoongea mpakani.

Kodi ya ongezeko la thamani ni hesabu nyingine, kwa sababu hulipwa katika nchi ambayo bidhaa itatumika. Kenya hutoza asilimia 16. Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Anayepanga bei ya Kigali kwa kutumia risiti ya Nairobi anaanza na hesabu pungufu.

Jina la bidhaa pia lina uzito. Katika vitabu vya forodha baiskeli za kawaida zipo kwenye kifungu cha 8712, na vifaa vya mazoezi ya mwili vipo kwenye 9506. Kuandika "baiskeli" kwa sababu katoni ina pedeli kunaweza kuonekana kama udanganyifu, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu mzigo wenye maelezo ya uongo kukamatwa. Wakala wa forodha apewe picha na maelezo ya kifaa kabla mzigo haujaondoka, si ukiwa tayari umefika Rusumo au Malaba. Kwa mzigo wa meli, thamani anayoihesabu ofisa hujumlisha bei, usafiri na bima, hivyo katoni nzito huongeza hata ushuru.

Hesabu ya mwisho

Mwenye dola 4,000, kabla ya usafiri na kodi, anaweza kununua baiskeli janja moja ya daraja la juu, au turbo saba za kuanzia. Baiskeli moja inahitaji mteja mmoja, naye akibadili mawazo mtaji wote umesimama. Katika turbo saba, mbili zikichelewa, tano zimeshazungusha fedha.

Kwa hiyo turbo ndiyo ya kuweka dukani, hasa yenye jino moja linalokubali gia nyingi. Baiskeli janja ni ya oda: hoteli au ukumbi utoe malipo ya awali yanayotosha kununua na kusafirisha, ndipo agizo litumwe.

Kwa mteja wa turbo, maswali matatu yanatosha kabla ya kuagiza. Baiskeli yako ina gia ngapi nyuma? Ekseli yake ni ya aina gani? Nyumbani kwako umeme hukatika mara ngapi kwa wiki? Akishindwa kujibu mawili ya kwanza, apige picha gurudumu la nyuma na kuituma kwa simu. Picha hiyo haina gharama. Katoni iliyokosewa, ikishavuka mpaka, kuirudisha ni nauli, kodi na aibu.